Chonge Hayupo

"Afande, mbona unasema jino hayupo? Mwalimu wetu anasema jino halipo."

Zuhra aliuliza hivyo akiwa na miaka minane, kinywa wazi, kioo kidogo chenye mpini kimelala juu ya ulimi wake. Kwa hiyo swali halikutoka kama lilivyoandikwa hapo juu. Lilitoka limevimba na kulowa mate, na watu wa kwenye foleni walisikia "ayupo, alipo" tu, wakacheka. Mwenye kioo hakucheka. Alikitoa kioo, akamtazama mtoto kama anavyotazamwa kuruta aliyetoka kwenye mstari bila amri.

"Umekuja kutibiwa jino au kusahihisha daftari langu?"

"Kutibiwa jino."

"Na shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Swali lako nimelisikia. Leo sitalijibu. Fungua."

Ilikuwa mwaka 1989, Nyamisati, kwenye uwanja wa kupangia boriti kando ya mto. Mvua za masika zilikuwa zimebeba madaraja ya miti kwenye barabara ya Nyamwage, na wanajeshi waliopiga kambi nje ya Kibiti walikuwa wakiyajenga upya. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi lori lao lilifika Nyamisati kuchukua boriti za mikoko. Nurdini, baba yake Zuhra, alikuwa mmoja wa wakataji waliozileta kutoka visiwani. Wenzao wakipakia, mwanajeshi mmoja hakugusa boriti hata moja. Alishusha kiti cha chuma na turubai, kile cha kukunja, akashusha jiko la mafuta ya taa, sufuria ya kuchemshia vyombo na sanduku la mbao lililojaa kadi. Huyo ndiye Sajini Wilhelmina Ndunguru wa kitengo cha meno. Siku nyingine zote aliwatibu askari kambini. Jumamosi hiyo moja alimtibu yeyote aliyekuja, bure, mpaka boriti ya mwisho ipande garini. Lori likijaa, kiti kinakunjwa.

Jina lake liliwashinda watu wa Nyamisati. Wapo waliosema Bi Welemina, wapo waliosema Bi Helimina, na mzee Abdalah, ambaye kila neno geni alilifanya la kwake, alisema Bi Halima, yakaisha. Mwishowe wote walikubaliana na Afande Meno. Alikuwa mwanamke mfupi, kofia imekaa sawasawa kichwani, mikono midogo kama ya mtoto wa darasa la tano. Mara ya kwanza alipokuja, mzee Abdalah alikataa katakata. "Mie mwanamke anitie vidole kinywani, mke wangu anatazama? Toba!" Mwezi uliofuata alikuwa wa kwanza kwenye foleni, shavu limefungwa kitambaa, na mkewe ndiye aliyemshika mkono asikimbie.

Mikono hiyo ndiyo iliyomwingiza kwenye meno. Sajini alizaliwa milimani huko Mbinga, kwenye kahawa, na alijiunga na jeshi akitaka kuendesha malori makubwa. Siku ya kupangiwa kazi, meja mmoja wa tiba alipita mbele ya mstari, akawaamuru wanyooshe mikono. Alipofika kwake akasimama. "Hii inaingia kinywani mwa mtu bila kumchana," akasema. "Meno." Basi. Sajini mwenyewe alipenda kusimulia: "Nilitaka usukani, nikapewa koleo."

Na alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, ambayo watoto wa Nyamisati walikuja kuitazama hata kama hawaumwi. Mtu akikaa kitini, hata kama jino linalomuuma ni moja, tena analionyesha kwa kidole na machozi yanamtoka, Sajini hakuligusa kwanza. Alianza mwanzo wa mstari, juu kulia, akaita meno yote moja moja kwa sauti ya gwaride, na Koplo Gasper, jitu la watu aliyeketi kwenye kigoda kidogo na kalamu ya wino, akaitikia na kuandika kwenye kadi.

"Gego wa mwisho, yupo!"

"Yupo!"

"Anayemfuatia, yupo, ana tundu!"

"Yupo, ana tundu!"

"Anayemfuatia, hayupo!"

"Hayupo!"

Na hapo ndipo Zuhra aliposhindwa kuvumilia. Wiki ile nzima Mwalimu Blandina alikuwa amewakalisha darasa la pili na jambo hilo hilo: mtu hayupo, kitabu hakipo, jino halipo. Aliyekosea alisimama mpaka kengele. Sasa huyu hapa mtu mzima, mwenye alama tatu begani, anakosea mbele ya kijiji kizima na hakuna anayemsimamisha. Ndiyo akauliza. Na ndiyo akajibiwa kwamba hatajibiwa.

Basi akafungua kinywa, na kuhesabu kukaendelea. Walimaliza safu ya juu, wakaingia ya chini.

"Chonge wa chini kushoto, hayupo!"

"Hayupo!"

"Chonge wa chini kulia..." Sauti ya Sajini ilishuka. "Hayupo."

Koplo Gasper hakuitikia. Alikuwa anapekua kadi za asubuhi ile. "Afande, huyu ni wa tisa leo."

"Wa tisa kati ya wangapi?"

"Watoto kumi na wanne. Wote ni chonge. Wote wa chini."

Sajini akageuka kwa Johari, mama yake Zuhra, aliyesimama nyuma ya kiti na mtoto mchanga mgongoni. "Dada, huyu binti alianguka?"

"Hata. Mbona?"

"Chonge wake wa chini walikwenda wapi?"

Johari akacheka. "Ah, yale! Yalitolewa angali mchanga. Yalikuwa meno ya plastiki."

"Meno ya nini?"

"Ya plastiki! Afande mzima wa meno hujui meno ya plastiki?"

Foleni ikaangua kicheko kwa mara ya pili siku hiyo, na safari hii kilimwendea Sajini. Akangoja kiishe. Kisha akaomba aelezwe, kwa upole, kama mwanafunzi, na watu wanne wakamweleza kwa pamoja. Mtoto mchanga akishikwa na homa na kuharisha, tazama ufizi wake. Ukiuona umevimba, umeweka weupe, humo ndani kuna jino la plastiki. Lisipotolewa linamwua. Fundi wa kuyatoa hapo Nyamisati ni Bi Mwanawetu, mkunga, aliyewapokea nusu ya watu waliokuwa kwenye foleni hiyo. Anachonga spoku ya baiskeli, anaipitisha motoni, analichimbua.

"Na huyu mdogo wake keshayapata," Johari akasema, akageuza mgongo ili Sajini amwone. Ni Abdala, wajina wa yule mzee, miezi saba. Macho yalikuwa yamezama, midomo imekauka, na kichwa kilifuata mgongo wa mama yake popote ulipoelekea, kama hakina mwenyewe. "Leo siku ya tatu anaharisha. Bi Mwanawetu anakuja akishasali adhuhuri."

Koplo Gasper aliweka kalamu chini.

"Dada yangu," Sajini akasema, "mtoto huyu asichimbuliwe."

Kicheko kikamtoka Johari usoni chote. "Afande, mie nilikuwa na mwana wa katikati. Mohamedi. Aliposhikwa hivi hivi nilimngoja baba yake arudi visiwani, siku mbili. Alipotolewa meno tulikuwa tumeshachelewa, tukamzika. Kwa huyu sichelewi."

Zuhra aliyasikia hayo angali amekaa kitini, hakuna aliyekumbuka kumshusha. Alikuwa na miaka minane lakini alielewa kwamba mama yake hakuwa anabishana na afande. Alikuwa anabishana na zile siku mbili.

Bi Mwanawetu alifika na kifurushi chake kwapani, mwembamba, mrefu, kanga ya kichwani imefungwa barabara. Watu wakampisha. Sajini alivua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndo weye fundi wa meno wa serikali? Basi siye wenzi wa kazi." Akamtazama mikono. "Wallahi mikono unayo."

"Bibi, naomba unifundishe. Haya meno ya plastiki sisi jeshini hatukufundishwa. Yanatoka wapi?"

Bi Mwanawetu hakutegemea kuulizwa hivyo na mtu wa serikali. Akaketi juu ya boriti, akajitengeneza. "Sikiliza. Zamani tukichota maji kwa mtungi, tukinywa kwa kata ya kifuu. Watoto wakiota meno ya mfupa. Sasa tangu biashara zifunguliwe, nenda madukani Kibiti ukatazame. Ndoo plastiki, jagi plastiki, kandambili plastiki. Mwanamke anachota plastiki, anaogea plastiki, anakanyaga plastiki. Akizaa, mwanawe aote nini, kifuu?"

"Haswaa!" foleni ikaitikia.

Ajabu ni kwamba Sajini hakucheka hata kidogo. Alilifikiria neno lile. "Hoja yako ina kichwa na miguu, bibi. Na yenyewe yakitoka yakoje?"

Hapo bibi akafungua kifurushi, akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani, kwenye kitambaa, mlikuwa na vitu vidogo vyeupe, kila kimoja kama punje ya mchele. Alikuwa ameviweka miaka yote, ushahidi wa kazi yake. "Bonyeza," akasema. "Yakitoka tu ni laini, yanabonyea. Mfupa gani unabonyea?"

Sajini akavimwaga kwenye sinia lake la bati, akavihesabu kwa kidole, midomo ikicheza bila sauti. Ilimchukua muda. Huko nyuma wapakiaji walikuwa wanapiga kelele za boriti, na wingu lilikuwa limeanza kujenga upande wa Kibiti.

"Arobaini na sita," akasema mwishowe. Kisha, polepole, kana kwamba anawakuta watu aliowatafuta asubuhi nzima: "Kumbe wako hapa."

Akaomba kitu cha plastiki kilichoharibika. Mtoto mmoja akakimbia, akaleta mpini wa jagi lililovunjika. Sajini akavuta jiko, akapandisha moto, akachukua koleo lake. Kila mtu alidhani atafanya yeye. Badala yake alimpa Bi Mwanawetu.

"Shika mwenyewe, bibi. Nikishika mie watasema mazingaombwe ya jeshi. Anza na jagi."

Bi Mwanawetu akaubana mpini, akauweka motoni. Ukajikunja, ukalia, ukaanza kudondosha matone yanayowaka, na moshi mweusi ukawafanya watu warudi nyuma wakikohoa.

"Sasa jino."

Watu wakasogea tena. Zuhra, huko juu kitini, aliona jambo ambalo wengine hawakuliona, kwa kuwa wengine walikuwa wanatazama koleo. Bibi alipolipeleka jino kwenye moto, Afande Meno aligeuza uso, akatazama mtoni, na mikono yake midogo ikashikana nyuma ya mgongo mpaka vidole vikawa vyeupe.

Jino halikuyeyuka. Halikudondoka. Liliungua likawa jeusi, likatoa harufu ya nywele zilizoshika moto, na ncha yake moja ndogo, ngumu, ikabaki ndani ya koleo.

"Lete lingine," Bi Mwanawetu akasema.

La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Bibi akaweka koleo chini taratibu, kama anayeweka yai.

"Basi haya ni nini, mwanangu?"

"Ni chonge, bibi. Walikuwa njiani wanakuja. Bado hawajakomaa, ndiyo maana laini. Na huo weupe ulioona kwenye ufizi ni wao wanabisha hodi."

"Arobaini na sita," bibi akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Na Mohamedi?" bibi akauliza.

Sajini angeweza kumtupia lawama mbele ya watu wote. Angeweza pia kumdanganya. "Sijui," akasema. "Homa na kuharisha vilifika kabla yako. Wewe uliitwa umwokoe."

Bi Mwanawetu akajifunika uso kwa pembe ya kanga. Johari akaja juu kwa hasira, maana mwenye mtoto mgonjwa hana nafasi ya kuomboleza meno. "Haya, si plastiki! Nimeona! Lakini mwanangu bado anaharisha! Mnifanyeje?"

"Mlete."

Koplo Gasper alikuwa na chupa ya askari iliyojaa maji yaliyochemshwa. Sajini akatia sukari na chumvi kwa kipimo, akatikisa, akaanza kumnywesha Abdala kijiko kwa kijiko. "Maji yanayomtoka ndiyo yanayomwua, dada, siyo jino. Anywe mfululizo. Lakini mimi ni wa meno, homa hii inataka daktari. Leo hii. Kibiti."

Kibiti! Kwa miguu na mtoto mgongoni, na wingu lile? Na hapo hapo luteni aliyeongoza msafara akaja anapangusa mikono. "Sajini, tumejaza. Kunja kiti. Mvua ikitukuta kwenye ule udongo tutalala njiani."

"Afande, naomba mama huyu na mtoto wapande."

"Unajua amri. Gari la jeshi halipakii raia."

"Najua, afande."

Sajini akarudi kitini, akamshusha Zuhra kwa mkono mmoja, akamwambia Johari akae na Abdala mapajani. Akachukua kadi mpya. "Koplo Gasper, andika. Abdala Nurdini, miezi saba." Akafungua kile kinywa kikavu kwa ncha ya kidole. "Wa mbele chini kushoto, yupo!"

Koplo Gasper alimtazama luteni, akamtazama Sajini, akaiokota kalamu. "Yupo!"

"Wa mbele chini kulia, yupo!"

"Yupo!"

"Wengine wote wako njiani. Weka sahihi." Akamgeukia luteni, kadi mkononi, amesimama imara. "Afande, huyu sasa ni mgonjwa wa kitengo cha meno. Mgonjwa wangu husafiri na kiti changu. Nitaandika maelezo mwenyewe, na adhabu nitaibeba mwenyewe."

Luteni aliisoma kadi ile yenye meno mawili. Akatazama wingu. "Mama apande mbele," akasema. "Wewe, Sajini, panda juu ya boriti."

Lori likaondoka, Sajini huko juu ameshikilia kofia kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine, kijiko kimechomekwa mfukoni. Lilikuwa limeshafika kwenye kona alipokumbuka. "Zuhra!" akapiga kelele. "Jino lako mwezi ujao!" Na ni kweli, gego lile lililomleta Zuhra kitini hakuna aliyeligusa mpaka mwezi uliofuata.

Abdala alikaa Kibiti siku tano. Alirudi amekonda lakini ana sauti, na aliitumia. Jumamosi ya kwanza iliyofuata kijiji kizima kilingoja lori, na Koplo Gasper ndiye aliyeleta habari huku akishusha vyombo. Kadi ya mgonjwa mwenye meno mawili ilifika mpaka mezani kwa mkuu wa kikosi. Mkuu akaisoma, akauliza: "Hawa walio njiani, wanatokea kambi gani?" Kisha akamwandikia Sajini barua ya onyo kwa kupakia raia. Chini ya onyo, kwa kalamu hiyo hiyo, akaongeza kwamba kuanzia mwezi huo lori la boriti libebe sukari na chumvi kwa ajili ya watoto wa Nyamisati.

"Barua yenyewe iko wapi?" Johari akauliza.

"Ameitia kwenye sanduku la kadi," Koplo Gasper akasema. "Ati nayo ina historia yake ya kinywa."

Bi Mwanawetu hakutoka nyumbani mwezi ule. Mwezi wa pili alikuja, akaketi karibu na jiko. Mwezi wa tatu, mama mmoja kutoka visiwani alipofika na mchanga mwenye homa akiuliza meno ya plastiki yanatolewa wapi, bibi ndiye aliyemjibu kabla ya Sajini kugeuka. "Hayatolewi. Keti hapa, mnyweshe. Huo weupe ni meno yanabisha hodi." Akawa anaketi hapo kila mwezi, kushoto kwa kiti, na watu walimsikiliza yeye kuliko walivyomsikiliza afande, na afande alijua, na aliona ni sawa kabisa. Alipoulizwa ile spoku yake iko wapi, bibi alisema siku hizi anachomea kamba, na kamba wake wanaiva vizuri.

Madaraja yalipokwisha kujengwa, mwaka 1991, kambi ikavunjwa na Sajini akaondoka na wenzake. Kila Zuhra alipomuuliza tena aliambiwa "siyo leo", akabaki na swali lake.

Hakulisahau. Lilikua naye. Chonge wake mmoja wa ukubwani aliota amekwenda upande, ana doa la kahawia, kama Sajini alivyomwonya mama yake kwamba huenda ingekuwa, kwa sababu spoku haichagui jino la utotoni na la ukubwani. Zuhra alijifunza kucheka mdomo umefungwa. Na kila alipojitazama kwenye kioo, sauti ya gwaride ilimrudia: hayupo.

Mwaka 1996 alikuwa kidato cha pili, anasoma Kibiti, aliposikia kwenye foleni ya maji kwamba kuna mama mwanajeshi mstaafu kwenye zahanati moja ya binafsi kando ya barabara kuu, ati anahesabu meno kama anakagua gwaride. Zuhra hakuuliza jina. Jumamosi ile mama yake alipomleta Abdala mjini, jino la mbele linacheza, Zuhra alimshika mdogo wake mkono, wakaenda.

Kiti kilikuwa kile kile, turubai jipya. Kikosi kilimuaga nacho. Siku ya kustaafu wenzake walipanga mstari kamili, makoplo aliowang'oa magego na makapteni waliowahi kulia mbele yake, wakampigia saluti, kisha Gasper, ambaye sasa alikuwa sajini, akatoka mbele na kile kiti kimefungwa utepe. "Wengine wanaagwa kwa saa ya ukutani," Bi Wilhelmina aliwaambia Zuhra na mdogo wake, akikipangusa ingawa hakikuwa na vumbi. "Mimi nimeagwa kwa kitu ambacho mtu anakikalia akipiga kelele." Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Mikono ilikuwa ile ile.

Abdala akapanda kitini. Pale hakukuwa na wa kuandika, kwa hiyo Zuhra akapewa kalamu.

"Chonge wa juu kulia, yupo!"

"Yupo," Zuhra akaitikia, akaandika.

"Chonge wa juu kushoto, yupo! Chonge wa chini kushoto..." Bi Wilhelmina alisimama hapo, akakigusa kile chonge kwa ncha ya kioo, taratibu, kama anayegusa bega la mtu. "Yupo. Chonge wa chini kulia, yupo. Wote wamefika." Akamtazama Abdala, kisha dada yake, kisha kidevu cha dada yake na ile midomo iliyofungwa. "Wewe ndiye yule wa daftari."

"Shikamoo, afande. Swali langu hukulijibu."

"Marahaba. Chonge wako pia sikumtibu. Kaa, nitaanza na swali." Akalitoa jino la Abdala kwa kidole na gumba, mtoto hakujua hata limetoka, akampa mkononi akalirushe juu ya bati. Kisha akaketi kwenye kigoda, akawa mfupi kuliko Zuhra.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili," akasema, "wakati wa vita vya Kagera. Hospitali yetu ilikuwa hema, na kazi yangu asubuhi ilikuwa kuchemsha koleo. Siku moja gari letu moja lilikanyaga bomu, likawaka. Wakaletwa vijana saba, na hakuna aliyeweza kusema nani ni nani, hata rafiki zao. Meja yule yule aliyenichagua mikono akanipa sanduku la kadi. 'Meno hayayeyuki,' akaniambia. 'Wewe ndiye utakayewataja.' Nikaanza. Gego lipo, gego halipo, lina tundu, halina. Na kila kadi ilipokubali, jino likageuka mtu. Watano niliwataja hivyo, kwa majina yao. Wakabaki wawili, na kadi mbili, Michael na Sadala. Kila kadi imeandikwa jino moja tu, gego la chini kushoto, limeng'olewa. Lile lile, wote wawili. Meno mengine mtabibu hakuyahesabu, alikuwa na haraka, foleni ilikuwa ndefu. Mwandiko kwenye kadi zote mbili ulikuwa wangu; mtabibu huyo ni mimi. Tukachimba makaburi mawili. Padri akasoma kwenye yote mawili, na shehe akasoma kwenye yote mawili, maana hatukujua ni wapi yupo Michael na wapi yupo Sadala. Kwa hiyo mwambie mwalimu wako yeye ndiye yuko sahihi, Zuhra, jino halipo. Mimi nitaendelea kukosea. Haya, fungua. Na cheka kidogo, nimwone yule aliyekwenda upande."